Kuni Fupi: Egemeo, Shoka au Chenisoo?

Kila jiko banifu linapojengwa katika nyumba ya Njombe, Makete au Mufindi, linaacha swali uani: nani atazikata kuni ziingie kwenye mdomo wake mdogo, na kwa chombo gani? Majibu ni mengi na yanagongana. Mmoja anashauri familia ijenge egemeo la mirunda la kulazia magogo. Mwingine anaona huko ni kupoteza miti ya kujengea, maana shoka na ardhi vimetosha tangu enzi za mababu. Wa tatu anataka aitwe mwenye chenisoo, asubuhi moja rundo zima limekwisha. Wa nne anauliza kwa nini watu wajisumbue na kuni wakati nchi inaelekea kwenye gesi na umeme.

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Ila wanazungumzia miti ya unene tofauti na wakataji tofauti, kisha wanabishana kana kwamba swali ni moja. Anayebeba gharama ya ubishi huo ni mkataji mwenyewe, ambaye katika nyumba nyingi ni mama au binti, na ambaye mara chache huulizwa.

Egemeo linalozungumzwa hapa ni fremu ya miti. Miguu miwili hupishanishwa mfano wa herufi X, ikafungwa pale inapokutana; X nyingine husimamishwa mbele yake, na zote zikaunganishwa kwa fito upande wa chini. Gogo hulazwa kwenye pembe ya juu na kukatwa kwa msumeno likiwa usawa wa nyonga. Ulaya na Amerika Kaskazini kifaa hiki ni cha kawaida katika nyumba zinazotumia kuni. Kwetu ni kigeni, na ugeni huo una sababu yake.

Mafiga hayakudai kuni fupi

Kwenye mafiga matatu, moto wenyewe ndio hukata kuni. Mpishi huweka ukuni wa futi nne au sita, ncha ikiwa kati ya mawe, na kuusukuma kadiri unavyoungua. Urefu hapo ni faida. Mkono unakaa mbali na moto, na akitaka kupunguza joto anauvuta ukuni nje. Kilichotakiwa siku zote ni wembamba, na kwa wembamba panga na shoka vinatosha. Katika nchi za baridi kali, ambako moto ulihamia ndani ya majiko ya chuma yenye milango, ukuni ulilazimika kuingia wote ili mlango ufungwe. Huko jiko lilizidisha haja ya msumeno na egemeo.

Jiko banifu limeileta haja hiyo kwetu. Mdomo wake ni mdogo kwa makusudi, ili hewa iingie kwa kipimo na joto liende kwenye sufuria. Ukuni mrefu ukiingizwa humo unaning'inia nje, unainuka ndani au kuanguka pamoja na kaa lake mbele ya watoto. Mama anayeendelea kutumia kuni ndefu kwenye jiko hilo hapati akiba aliyoahidiwa, kisha lawama inaangukia jiko.

Kuna sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi: ukavu. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, wakati kuni nzuri ni zile ambazo maji yake yameshuka chini ya asilimia 20. Mirija ya mti inakwenda kwa urefu wa shina, kwa hiyo maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, hasa gome likiwa bado lipo. Ukuni wa sentimita 35 uliopasuliwa hukauka mapema kuliko mti wa mita 2 uliosimamishwa ukutani. Kuni mbichi hutumia sehemu ya joto lake kuchemsha maji yake yenyewe, na moshi unazidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana kwa sehemu kubwa na kupikia, ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ukataji wa kuni, kazi inayoonekana ndogo, ni sehemu ya hesabu hiyo.

Mkaratusi unaongeza ugumu. Ukikauka unakuwa mgumu kukata na mgumu zaidi kupasua, hivyo hufaa ukatwe ukiwa bado mbichi. Lakini mbichi ndipo ulipo mzito. Anayepanga kazi hii anachagua kati ya mti laini unaovunja mgongo kwa kuubeba na mti mwepesi unaomaliza mikono kwa kuukata. Mabishano mengi kuhusu egemeo yanasahau chaguo hili.

Msumeno hubanwa wapi

Ili kulipima egemeo kwa haki, inafaa kuelewa gogo linafanya nini linapokatwa. Gogo lililolazwa juu ya viegemeo viwili likikatwa katikati, uzito wake hulishusha pale pale msumeno ulipo. Nyuzi za juu zinabanana na za chini zinavutika, mfereji unajifunga, meno yananaswa. Likikatwa mahali palipotokeza nje ya kiegemeo, mambo yanageuka. Kipande kinachoning'inia kinajivuta chini, nyuzi za juu zinatanuka, mfereji unafunguka kadiri msumeno unavyoshuka, na mwishowe kipande kinadondoka chenyewe.

Gogo lililolala chini hukutana na hali zote mbili bila mpango. Ardhi ina mabonde na vinundu, na mkataji hajui mfereji utafunguka au utafunga. Hata ukifunguka, meno yanapomaliza mti yanaingia kwenye udongo. Kwa msumeno wa mkono, mchanga kidogo tu unatosha kuharibu makali ambayo fundi alitumia muda kuyatia.

Faida kuu ya egemeo, basi, ni kumwezesha mkataji kukata nje ya miguu kila mara, karibu na mguu ili gogo lisirukeruke. Mengine, pamoja na mgongo kunyooka, yanafuata. Lakini faida hii ina sharti la vipimo ambalo wajenzi wengi hulikosa.

Tuchukue mti wa mita 2 unaokatwa vipande vya sentimita 35 hadi 40. X mbili zikisimamishwa kwa umbali wa sentimita 90, mti mzima unatulia, ila ukibaki wa sentimita 80 haufiki tena X ya pili. Zikisogezwa hadi sentimita 35, kipande kifupi kinatulia lakini mti mzima unapinduka kwa nyuma, maana kitovu cha uzito wake kiko nje ya miguu. Hakuna umbali mmoja unaoridhisha hali zote mbili. Jibu ni X ya tatu: ya kwanza na ya pili ziwe sentimita 35, na ya tatu iwe sentimita 90 kutoka ya kwanza. Mti mrefu hulala juu ya zote tatu, na masalio hulala juu ya zile mbili za karibu. Egemeo la X mbili linalolalamikiwa kwamba "halitulii" mara nyingi lina kosa hili, wala halina tatizo la uimara.

Hoja ya wanaosema ardhi inatosha

Hoja hii isidharauliwe. Kwanza, kuna uzito. Mkaratusi mbichi hukaribia tani moja kwa mita ya ujazo. Mti wa mita 2 wenye kipenyo cha sentimita 10 una kama kilo 16, na mtu mmoja anauinua bila taabu. Kipenyo kikiwa sentimita 15 ni kilo 35. Kikifika sentimita 20 ni kilo 63, yaani zaidi ya nusu gunia la mahindi la kilo 100, na gogo halina masikio ya kushikia. Unene ukiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara nne. Kwa gogo nene, nguvu ya kulipandisha kwenye egemeo inazidi nguvu iliyookolewa.

Pili, kuna fito. Mti mwembamba kuliko sentimita 5 unakatwa kwa panga kwa pigo moja au mawili juu ya kigogo, na hakuna msumeno utakaoshinda kasi hiyo.

Hoja inapungua nguvu katikati, kwenye miti ya sentimita 7 hadi 18, na huko ndiko zilipo kuni nyingi za nyumbani: matawi manene, miti iliyopunguzwa shambani, miwati iliyokwisha kuchunwa magome. Shoka linapokata mti kwa kukingama, hulazimika kufungua pembe pana pande zote mbili. Kwa mti wa sentimita 12, kila mkato hugeuza karibu sentimita 5 za urefu wa mti kuwa vibanzi, wakati msumeno wa upinde unakula milimita mbili hivi. Kweli, vibanzi havipotei, huwashia moto. Kinachopotea ni nguvu ya aliyeinama na kupiga, na usalama wa mguu wake.

Ni vyema pia kusahihisha wazo linaloenea kwamba egemeo litamsaidia mwenye shoka. Halitamsaidia. Shoka linahitaji kitu kizito kisichotikisika chini ya mti. Juu ya fremu, pigo linarushwa nyuma, miguu inalegea, na shoka likikosea njia liko usawa wa paja. Egemeo ni la msumeno. Kupasua kunabaki kazi ya shoka juu ya kigogo cha kupasulia kilichokaa imara chini. Nyumba isiyo na msumeno haina sababu ya kujenga egemeo, na ushauri wowote unaoanza na fremu kabla ya kuuliza kuhusu msumeno umeanza mwisho.

Hoja ya chenisoo

Kasi yake haina mpinzani. Kijiji chenye mmiliki mmoja mwaminifu kinaweza kumaliza magogo ya kaya nyingi kwa siku chache, na kwa magogo yanayozidi sentimita 20 sioni njia nyingine ya busara. Huko gogo halihitaji kupandishwa popote. Linainuliwa kidogo juu ya vijiti vinene, linakatwa robo tatu ya unene, linabiringishwa, kisha mkato unamaliziwa upande wa pili, ili mnyororo usiguse udongo.

Udhaifu wake uko katika mambo mawili. Gharama haikomi: mafuta, oili na mnyororo huendelea kudai fedha, na kwa kuni nyembamba za kila wiki hesabu inakuwa mbaya. Kisha kuna hatari. Nusu ya juu ya ncha ya bamba linalobeba mnyororo ikigusa mti, mashine hurushwa kuelekea uso na bega la mkataji kabla hajaweza kuitikia. Na mara nyingi kuna mtu wa pili, kijana tena, anayeshikilia mti usibiringike huku mwenzake akikata. Hapo ndipo egemeo na chenisoo vinapoacha kuwa wapinzani. Mti uliolala kwenye pembe ya X hauhitaji mshikaji. Anayeendesha chenisoo kwenye miti ya wastani angefanya vyema kudai egemeo kabla ya kuwasha mashine, na kuhakikisha ncha haielekei kwenye X ya pili wala kwenye mti mwingine uliorundikwa nyuma.

Panda, mirunda au chuma

Wanaokubali haja ya egemeo nao wamegawanyika juu ya namna ya kulijenga.

Njia ya bei ndogo kabisa ni miti yenye panda, kama zile nguzo zinazoshikilia boriti za nyumba za udongo. Nguzo tatu huchimbiwa kwa mstari, panda zikielekea juu, na gogo hulazwa humo. Hakuna msumari wala fundi. Zinasimama imara kuliko fremu yoyote ya kuhamishika. Hasara ni mbili: hazihami kuufuata mti ulipoanguka, na mchwa hufika. Nguzo za miwati au mikaratusi zilizochimbiwa bila dawa zitaliwa usawa wa ardhi, mahali ambapo unyevu na hewa hukutana. Mwenye kuzichagua ajue anajenga kitu cha misimu michache, na ahesabu hivyo tangu mwanzo.

Wengine hukimbilia mabaki ya nguzo za umeme au za uzio zilizotiwa dawa ya kijani. Kama mguu wa egemeo zinafaa. Lakini kipande chochote kinachobaki kisiingie jikoni. Dawa inayotumika mara nyingi ina shaba, kromiamu na arseniki, na arseniki hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu, majivu yale yale yanayomwagwa kwenye bustani ya mboga. Uani ambako kuni na egemeo hukaa pamoja, kosa hili ni rahisi kutokea. Kwa sababu hiyo pekee napendelea mti usio na dawa, hata ukidumu kidogo.

Fremu ya mirunda ya X tatu inasimama juu ya ardhi, kwa hiyo mchwa huonekana mapema na fremu huhamishiwa pakavu. Nguvu ya msumeno hupita kwa kukingama na gogo, upande ule ule ambao X imetanuka, na ndiyo maana umbo hili halipinduki kirahisi. Udhaifu wake ni upande wa urefu: gogo linapotupwa juu, X zote huelekea kulala pamoja. Ufito mmoja uliokwenda mshazari, kutoka chini ya X ya kwanza hadi juu kidogo kwenye mguu wa X ya mwisho, humaliza tatizo, mradi fito zote zibaki chini ya mapishano, msumeno usizifikie. Kwenye mapishano, bolti ni bora kuliko msumari kwa kuwa hukazwa tena mti ukisinyaa. Kamba ya mpira wa tairi iliyofungwa kwa nguvu hufanya kazi pia. Juu ya mapishano pasiwe na chuma chochote.

Egemeo la chuma la fundi wa kuchomelea hudumu kuliko yote na mchwa haliwahusu. Lakini meno yakigusa chuma mara moja, makali yamekwisha, na mnyororo wa chenisoo waweza kukatika. Chuma kilichoachwa uani usiku pia kina wateja wa vyuma chakavu. Linafaa mahali penye kazi ya kila siku na mlinzi, likiwa limefungiwa mbao pembeni mwa kila pembe.

Mabanzi ya misindano kutoka viwanda vya mbao yanastahili neno la pekee, maana familia nyingi karibu na Mafinga huyatumia. Banzi moja moja juu ya egemeo hutetemeka na kuruka. Yakifungwa kwa kamba mzigo mmoja na kubanwa ndani ya pembe ya X, yanakatwa yote kwa pamoja. Hapo egemeo linaokoa muda kuliko kwenye kazi nyingine yoyote, hata kwa msumeno wa mkono.

Kimo ni cha nani?

Fremu nyingi hujengwa na mwanamume mrefu kwa kimo chake, kisha hutumiwa na mke wake au binti wa miaka 15. Gogo likiwa juu kuliko nyonga, mkataji anasukuma kwa mabega peke yake. Likiwa chini mno, amerudi kuinama. Kwa mtu wa kimo cha sentimita 160, miguu ya sentimita 110 iliyopishana sentimita 70 kutoka ncha ya chini, ikipimwa kwa kufuata mguu, na nyayo zake zikitanuka sentimita 70, humpa mti wa unene wa sentimita 12 ambao mgongo wake uko karibu sentimita 79 kutoka ardhini. Mfupi zaidi apunguziwe miguu. Kupunguza ni dakika chache za msumeno. Maumivu ya kiuno ni ya miaka. Sijui sababu yoyote ya haki inayofanya kipimo hiki kisichukuliwe kwa anayekata.

Na gesi je?

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazohudumia zaidi ya watu 100 kwa siku zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Wanaouliza kama inafaa kuwekeza kwenye kuni wana hoja, na kwa shule hoja hiyo ina uzito: fedha ya egemeo la chuma ni heri iende kwenye jiko jipya.

Kwa kaya za mlimani hali ni nyingine. Hata lengo likitimia lote, familia moja kati ya tano itakuwa bado haijafika, na safari ya kufika huko ni ya miaka. Makete na Njombe, Juni na Julai, moto pia ni wa kuota, na mtungi wa gesi haukuundwa kwa kazi hiyo. Kumwambia mama avumilie moshi na kuinama hadi gesi ifike ni kumtoza gharama ya mpito ambao hakuupanga. Hoja ya gesi haiondoi egemeo. Inaliwekea ukomo wa bei: liwe la miti iliyopo, lisiloingiza nyumba kwenye deni.

Mizani inaelemea wapi

Nikizipima hoja zote, mpaka unapita kwenye unene wa mti. Chini ya sentimita 5, panga juu ya kigogo. Zaidi ya 20, chenisoo chini ardhini, ikiwezekana majirani wachange kumlipa mkataji kwa siku moja. Katikati, msumeno wa upinde wa inchi 24 juu ya egemeo la mirunda unashinda kila njia nyingine kwa mgongo, kwa mti na kwa fedha. Kwenye miti ya sentimita 15 kwenda juu, iliyo mibichi, wawe wawili wa kuinua.

Familia yenye fedha ya kitu kimoja inunue msumeno, kwa kuwa miti ya panda haina bei. Muuzaji aulizwe kuhusu meno. Upanga wa msumeno wa kukatia miti mibichi una meno mapana yaliyotengwa na meno mengine ya kuzoa unga mbichi. Wa miti mikavu una meno ya aina moja yaliyosogeleana. Wa miti mikavu ukiingizwa kwenye mkaratusi mbichi huziba na kukwama, na mkataji hudhani egemeo ndilo baya. Kwa nyumba inayokata mikaratusi na miwati mara tu inapoangushwa, upanga wa miti mibichi ndio wa kununua kwanza, na ule wa mikavu usubiri hadi mabanzi yatakapoletwa.